Mke Wangu na Dawa Nyeupe

Nilisafiri siku tatu kumfuata mke wangu Doha. Basi la kutoka Kitale lilinifikisha Nairobi asubuhi, ajenti akaniambia ndege yangu imebadilishwa, nirudi kesho. Kesho yake nikapelekwa Addis Ababa, nikakaa saa kumi na tisa kwenye kiti cha chuma kisicho na mahali pa kuegemeza kichwa, nikihama kila walinzi walipopita ingawa hakuna aliyenifukuza. Kutoka hapo Maskati, kungoja tena. Niliosafiri nao walikuwa vijana waendao kazi za ulinzi, wakiulizana habari za joto na za mabosi. Mimi niliwaza jambo moja tu. Mke wangu alikuwa ameishi miaka miwili bila mimi, na katika simu zake za karibuni alikuwa ameanza kucheka kicheko ambacho sikukijua.

Haki ya kulalamika sikuwa nayo. Miaka kumi na minne ya ndoa yetu, mimi ndiye niliyekuwa nikiondoka. Nimefanya kazi bandarini Mombasa, nimeendesha lori la maji Juba, nimeuza vipuri Kampala, na kila nilipofika mahali nilianza kukumbuka nilikotoka, hasa Kitale wakati wa kupukusa mahindi, vumbi la makapi likiingia hadi kwenye chai. Mke wangu alibaki na watoto na kazi yake ya uuguzi. Hakuwahi kuniuliza nilikuwa na nani huko. Alipopata kazi Qatar, akawaacha watoto kwa mama yangu na kuondoka, ndipo nilipojua kungoja mtu kukoje. Sikuweza kufikisha hata mwaka wa tatu.

Alikuja kunipokea uwanja wa ndege akiwa bado na sare ya hospitali. Alikuwa amenenepa kidogo na alitembea haraka.

"Baba watoto, umekonda," alisema. "Au ni zile nguo?"

"Ni zile siku tatu," nikamwambia.

Simu yake ikalia ndani ya mkoba. Akaisoma, akatabasamu, akairudisha. Meseji hiyo nikaihesabu, ya kwanza.

Tulipanga chumba mtaa wa Muaither, katika jumba lililogawanywa kwa mbao hadi familia sita zikaingia. Mimi nilikuwa nimeajiriwa na kampuni ya vibarua iliyopeleka watu hospitalini kwake, kazi yangu kusukuma vitanda vya wagonjwa kutoka wodini hadi chumba cha upasuaji na kuwarudisha. Yeye alikuwa muuguzi wa upande wa nusukaputi, yaani anamsaidia daktari anayewalaza wagonjwa. Kulikuwa na kanuni kwamba mume na mke hawafanyi kazi idara moja. Kwa hiyo hatukusema. Kazini aliniita kaka, nami nikamwita sista kama wengine wote. Nyumbani tulilicheka jambo hilo, mwezi wa kwanza.

Daktari wa usingizi alikuwa Msudani, mrefu, mpole, mwenye sauti ya mtu anayesoma barua kwa mgonjwa. Yeye alimwita mke wangu "ukhti", dada yangu. Nikawa na mke anayeniita kaka na mwanamume anayemwita dada, na kati yetu sisi wanaume wawili, mimi ndiye niliyehisi kuwa mgeni.

Sakafuni, mbele ya chumba cha upasuaji, kulikuwa na mstari mwekundu. Sisi wa vitanda tuliishia hapo. Lakini mgonjwa akiwa mzito waliita mmoja wetu avae nguo za kijani na kofia, aingie kusaidia kumhamishia mezani. Siku ya kwanza kuitwa niliona kitu ambacho sijakisahau.

Mgonjwa alikuwa fundi wa mabomba kutoka Industrial Area, eneo la viwanda la Doha, mguu umevunjika mahali pawili. Daktari alishika bomba la sindano lenye dawa nyeupe kabisa. Nilidhani ni maziwa. Mke wangu alisimama kichwani kwa yule mtu, akamshikia barakoa ya oksijeni, akainama hadi mdomo wake ukakaribia sikio. Alikuwa amejifunza maneno machache ya kila lugha ya wagonjwa wetu. Akamwambia kwa Kinepali kitu kilichomfanya mtu yule afumbe macho na kutabasamu. Daktari akaanza kusukuma dawa, polepole. Mgonjwa alikunja uso kidogo, akapiga mwayo mrefu, kidevu kikalegea. Mke wangu akagusa kope zake kwa kidole, hazikucheza. Akainua taya kwa mikono miwili, akamtazama daktari. Daktari akamtazama. Hakuna aliyesema neno, na kila mmoja alijua mwenzake anataka nini.

Ilichukua kama nusu dakika. Mimi sijawahi kumtazama mke wangu hivyo akanielewa. Hata kuomba chumvi mezani ilinibidi niseme.

"Ssebo," mwenzangu Mganda aliniambia nilipotoka, akiniita bwana kwa Kiganda. Tulisukuma vitanda pamoja, naye alikuwa mcheshi asiyechoka. "Umekunja uso kama mtu aliyeibiwa viatu msikitini. Umemwona maiti?"

"Nimeona mtu akilazwa."

"Basi furahi. Mimi na wewe tungelazwa hivyo kila siku tungekuwa warembo."

Jioni nilimuuliza mke wangu alimwambia nini yule mgonjwa.

"Nilimwambia afikirie mlango wa kwao. Nani anamfungulia."

"Unawaambia wote hivyo?"

"Wote. Wanaingia vizuri zaidi wakiwa na kitu cha kufikiria."

"Na huyo daktari ndiye aliyekufundisha?"

"Ndiye," akasema, akaendelea kukaanga vitunguu.

Nilianza kuichukia dawa ile, kisha nikaanza kuitaka. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo. Ilikuwa kama kuna nyumba ambamo hao wawili wanaketi na mimi nachungulia dirishani. Nilimaliza kidato cha nne tu, na biolojia nilipata alama ya kuaibisha, lakini nikaona nikijifunza dawa ile nitapata kiti ndani. Kwenye pipa la maboksi nikaokota karatasi ya maelezo iliyokunjwa mara nane. Propofol, iliandikwa. Nikaipeleka nyumbani, nikaisoma kwa kamusi ya simu, nikiandika pembeni kwa kalamu ya penseli.

Mke wangu aliponikuta na karatasi ile alicheka, lakini kile kicheko nikijuacho.

"Kwa nini hukuniuliza?" akasema. "Njoo."

Alichukua gilasi ya maji akamimina mafuta ya kupikia juu yake. Mafuta yakaelea. "Dawa yenyewe ni hivi. Haitaki maji kabisa, na damu ni maji. Ukiiingiza hivyo hivyo haifiki." Akavunja yai, akachukua kiini peke yake, akakitia ndani na kupiga kwa uma hadi mkono ukachoka. Mchanganyiko ukawa mweupe wenye unjano, mzito, bila tone linaloelea. "Wanaiyeyusha kwenye mafuta ya soya, na mafuta yanayotoka kwenye kiini cha yai ndiyo yanayoyashika yasijitenge na maji. Ndiyo maana ni nyeupe. Na ndiyo maana ikishafunguliwa haikai. Vijidudu vinaipenda kama chakula. Saa chache, ikibaki, tunamwaga."

Zile zilikuwa jioni nzuri kuliko zote nilizokaa Doha. Alinieleza kwa nini inachoma inapopita kwenye mishipa midogo ya mkono, ndiyo maana hutanguliza kidogo dawa ya ganzi. Alinieleza kwamba presha hushuka na pumzi huweza kusimama, kwa hiyo hakuna mwenye akili anayeisukuma kabla ya kuwa na oksijeni na mikono ya kushika taya. Mzee hupewa kidogo na taratibu, maana damu yake hutembea polepole na ukiharakisha utajikuta umempa mara mbili. Alisema ubongo una kemikali yake yenyewe ya kujituliza, kama mlinzi anayezima taa moja baada ya nyingine, na dawa hii humshika mlinzi yule mkono asiondoke swichini.

"Halafu inaisha, mtu anaamka," nikasema, nikijivunia.

"Hapana. Hapo ndipo wengi wanakosea. Mtu anaamka dawa ikiwa bado mwilini mwake. Inakimbilia ubongo kwanza kwa sababu huko damu inakwenda nyingi. Kisha inauacha, inahamia kwenye nyama, kwenye mafuta. Ini linakuja kuimaliza baadaye, polepole."

Niliona mtu anayehama bila kumalizika, nikafikiri nimeelewa kitu kuhusu nafsi yangu. Nilitaka kumwambia, lakini nikauliza, "Haya yote ni yeye aliyekueleza?"

Akaweka uma mezani. "Baba watoto, nimekaa na wewe saa nzima. Kuna mtu mwingine humu?"

"Nimeuliza tu."

"Wewe huulizi tu."

Zikapita kama wiki sita. Nilijua mengi kuliko msukuma vitanda yeyote, na nilikuwa nikiwaeleza wagonjwa wa kwetu tukiwa njiani, jambo ambalo hatukuruhusiwa. Waliniita daktari kwa utani, nami nikapenda. Mwenzangu Mganda aliniambia, "Ssebo, siku moja watakupa kisu," nikapenda hata hiyo.

Ndipo akaja mama mmoja Mkenya aliyefanya kazi za nyumbani Al Rayyan, mwenye mawe kwenye nyongo. Alikuwa na maumivu kwa miezi mingi, na bosi wake alikuwa amekubali hatimaye alale hospitali. Niliposhika kitanda chake na kumsalimu, alisikia lafudhi yangu akafurahi kama amekuta jirani.

"Ndugu yangu, watanidunga nini?"

Nikamweleza. Maziwa, nusu dakika, mwayo, usingizi. Nikamweleza soya na kiini cha yai.

Akainua kichwa. "Yai?"

"Kiini chake, ndiyo."

"Lakini mimi mayai siyagusi. Nikila hata keki mdomo unafura."

Faili lilikuwa miguuni pake. Si kazi yangu kulifungua. Nikalifungua. Kwa wino mwekundu: mzio wa mayai. Nakumbuka vizuri nilichohisi, na sikuogopa hata kidogo kwa ajili ya yule mama. Nilifurahi. Niliona yule Msudani mpole amepita juu ya wino mwekundu bila kuuona, na mimi wa kidato cha nne nimeuona.

Ningeweza kumnong'onezea muuguzi wa mapokezi. Ningeweza kumwambia mke wangu. Badala yake nikamwambia mgonjwa, "Usiogope dada, niachie mimi," maneno yaliyomtia hofu zaidi, nikamsukuma hadi kwenye mstari mwekundu. Daktari wa upasuaji alikuwepo, wauguzi watatu, mke wangu akishika barakoa, na yule Msudani. Nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti:

"Daktari, umesoma faili la huyu mama? Dawa yako ina yai."

Daktari wa usingizi hakukasirika. Angekasirika ningepona.

"Nimesoma," akasema. "Nimezungumza naye leo asubuhi, na mkalimani. Kinachomdhuru ni ute mweupe wa yai. Kilichomo humu kinatoka kwenye kiini, tena kimesafishwa. Watu wenye shida kama yake hupewa, na tunawaangalia." Kisha akamgeukia mgonjwa, akamwambia taratibu kwamba kama ana wasiwasi iko dawa nyingine ya kumlaza, isiyo na yai kabisa.

Nikamtafsiria. Ilinibidi mimi mwenyewe nitafsiri. Lakini yule mama alikuwa hasikii tena. Alikuwa ameshika vyuma vya kitanda kwa mikono miwili.

"Nirudishe wodini," aliniambia. "Kama walikuwa hawajui hadi ukawaambia wewe, nitalalaje?"

"Walijua, dada."

"Mbona umewaambia basi?"

Walipima presha yake mara tatu, ikazidi kupanda. Operesheni ikaahirishwa. Daktari wa upasuaji alivua kofia yake, akauliza ni nani anayewafundisha wasukuma vitanda habari za dawa.

Nilitaka kusema nilisoma karatasi. Ilikuwa kweli, nusu. Mke wangu akatangulia.

"Mimi," akasema. "Ni mume wangu."

Nyumbani hakupiga kelele. Alikaa kitandani akivua soksi. Alikuwa ameorodheshwa kwenda mafunzo ya mwaka mmoja ili awe fundi kamili wa nusukaputi, na siku ile ile jina lake likaondolewa hadi watakapoamua. Kampuni yangu ilikuwa imeshanipangia pa kwenda: ghala la mashuka Industrial Area, chumba cha watu wanane, basi la saa kumi na moja asubuhi.

"Ulitaka kumwaibisha yeye," alisema. "Umeniaibisha mimi, na umemtia yule mama kwenye maumivu tena."

"Nilidhani hakuona."

"Uliomba asiwe ameona. Nilikuona uso." Akakunja soksi. "Unajua daktari alikuwa amejua tangu hujafika kwamba unayekuja ni mume wangu? Nilimwambia. Akanyamaza nalo. Yeye ndiye aliyekuwa akiongea na mpanga zamu ili mapumziko yetu yaangukie siku moja. Zile meseji unazozihesabu zilikuwa hizo, ananiandikia: 'Ijumaa umepata. Jumamosi nimejaribu imekataa. Mwambie mzee wako apike.'"

Mtu angedhani nilitulia. Sikutulia. Nilitamani awe mwizi. Mwizi unaweza kumfukuza. Huyu alikuwa amenipa mimi Ijumaa zangu, nikala nazo pilau bila kujua mkono uliozitoa. Wivu wangu uliongezeka ukubwa ukakosa mahali pa kukaa.

"Tusiachane," nikamwambia. "Nipe sharti lolote."

Akaziweka soksi kando. "Moja tu. Usiniulize tena niko zamu na nani. Si kwa utani, si kwa hasira. Ukiuliza tena, nitajua haitakwisha kamwe, na mimi nitachagua kazi."

Nikakubali. Yule mama wa nyongo alirudi baada ya siku tisa akiwa na homa kali, akafanyiwa upasuaji kwa dawa ile nyingine, akapona. Mwenzangu Mganda aliniletea habari hizo ghalani alipokuja kuchukua mashuka. Alisema mama yule aliuliza, "Yuko wapi yule aliyejua sana?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia amehamishiwa idara ya sabuni."

Wiki saba nilishika sharti lile. Kila Ijumaa nilitoka Industrial Area kwenda Muaither, na katika basi nilijizoeza maswali mengine: watoto wamesema nini, mkono bado unauma, ule mchele uliisha. Yeye alinijibu kwa upole, na mara mbili alinishika bega akipita nyuma ya kiti changu. Jina lake likarudishwa kwenye orodha ya mafunzo. Nilisema nimefurahi, na kwa sehemu kubwa ilikuwa kweli. Lakini usingizi wangu ulikuwa mbaya. Kwenye chumba cha watu wanane nililala nikiiona mikono yake kwenye taya za wanaume wa kila nchi, mdomo wake kwenye masikio yao, akiwauliza nani anawafungulia mlango. Niliwaonea wivu hata waliolala.

Kampuni ikanipa likizo ya mwezi mmoja, tikiti ya kwenda na kurudi. Tulikubaliana nikawaone watoto, nirudi, naye atakuwa ameanza mafunzo, na tutatafuta chumba kikubwa zaidi. Siku ya kuondoka nililala Muaither. Ndege yangu ilikuwa saa nne asubuhi, basi lake la wauguzi saa kumi na mbili. Alikuwa amenifungia tende kwa ajili ya mama, na viatu vya watoto, vipimo mama alivyovichora kwenye karatasi na kumtumia. Alikuwa mchangamfu. Alinirekebishia kola ya shati akasema nisinunue chakula cha uwanja wa ndege, amenipikia chapati.

Aliinama mlangoni kufunga viatu vyake vyeupe. Nilikuwa nikimtazama kisogo, nywele alizozibana kwa ajili ya kofia, nikiwa na furaha ya kweli, na nikasikia sauti yangu ikisema:

"Leo uko na nani?"

Hakuinuka mara moja. Alimaliza kufunga kiatu cha pili, fundo mara mbili kama afanyavyo siku zote. Kisha akasimama, akanitazama. Sikuona hasira. Alinitazama kama anavyomtazama mgonjwa baada ya kumgusa kope.

"Umeniuliza," alisema.

"Imenitoka tu, mama watoto."

"Najua. Ndiyo maana." Akachukua mkoba wake. "Wasalimie watoto. Waambie nitawapigia jioni. Na wewe ukifika Kitale, kaa."

"Nina tikiti ya kurudi."

"Najua unayo."

Nilisikia hatua zake zikishuka ngazi, haraka kama kawaida, kisha mlango wa basi. Nilikaa na mizigo yangu hadi teksi ilipofika. Dereva aliniuliza kama naenda likizo. Nikamwambia ndiyo, kisha baada ya mzunguko wa kwanza wa barabara nikamwambia hapana, naenda nyumbani. Saa nne ndege ilipoanza kutembea nilitazama saa yangu nikajua wako kwa mgonjwa wa pili au wa tatu, dawa iko kwenye bomba, na mtu fulani anaambiwa sikioni afikirie mlango wa kwao.